KRATOS NA MAMBO YA DAMU

Najua nimepotea, ukurasa huu umeshaota nyasi. UE zilinibana, zilipoisha bumu likachelewa, lilipotoka nikawa na madeni ya watu, basi ilimradi kila siku na lake. Nawashukuru walionitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Nipo, tena bila sup hata moja, kwa hiyo wale mliokuwa mnasubiri kurithi kitanda changu mtafute kwingine.

Leo nataka kuongelea gemu. Wasiopenda gemu msiondoke kwanza, vumilieni kidogo, kuna jambo huko mbele ambalo si la gemu.

Tupo wanne kwenye chumba cha watu wawili, yaani tunabebana kama kawaida ya hapa. Jamaa yangu mmoja alirudi likizo na PS4 aliyopewa na kaka yake, na kwa wiki tatu TV yetu haijaonyesha mpira. Imeonyesha mtu mmoja tu: kipara, mweupe kama aliyemwagiwa majivu, alama nyekundu kuanzia usoni hadi begani, ndevu, sura ya mtu anayedaiwa. Huyo ndiye Kratos wa God of War. Ubishi uliotokea humu ndani kuhusu huyu mtu ni mkubwa kuliko ule wa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, na nilivyo mbishi nikaona niuhamishie hapa ili nipate neno la mwisho.

Mimi Kratos namjua tangu niko darasa la tano. Mtaani kwetu kulikuwa na banda la gemu lenye PS2 tatu na pedi zilizofungwa kwa selotepu. Mwenye banda alikuwa anawapenda wanaocheza mpira kwa sababu mechi ina mwanzo na mwisho, dakika kumi mnalipa mnaondoka. God of War hakuipenda kabisa, maana mtu akikaa hanyanyuki. Halafu kadi ya kuhifadhia gemu ilikuwa moja kwa banda zima, na hiyo alikuwa anaitumia mwenyewe usiku. Kwa hiyo kila siku ukija unaanza upya: meli zinavunjika baharini na lile joka la maji lenye vichwa vingi, Hydra, linakusubiri. Nadhani nimeliua mara thelathini kabla sijaiona Athens kwa macho yangu. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema hili gemu ni la kukata vichwa tu namwelewa, na mimi kwa miaka miwili nilikuwa najua hivyohivyo. Waliokutana naye kwenye Mortal Kombat ya 2011, ile ya PS3 ambako waliingizwa wageni, nao wanajua hivyohivyo. Pale ni minyororo na fataliti, habari imeisha.

Sasa, habari yenyewe. Gemu la kwanza lilitoka 2005, limetengenezwa na studio ya Sony iliyoko California, mkurugenzi wake akiwa David Jaffe. Kratos ni kamanda wa jeshi la Sparta. Siku moja vita inamwelemea, jemadari wa washenzi ameshanyanyua nyundo ammalize, na yeye kwa hofu na tamaa ya ushindi anamwita Ares, mungu wa vita, kwamba ukiniokoa mimi ni wako. Ares anamwokoa. Anampa visu viwili vyenye minyororo, na minyororo ile inaunguzwa kwenye mikono yake mpaka inashikana na nyama. Kuanzia hapo ni mtumishi wa kuua. Wanachoma vijiji, mpaka wanafika kwenye kijiji chenye hekalu la Athena. Bibi mmoja wa pale anamwonya asiingie. Anaingia. Anafyeka kila aliyemo, na akili ikimrudia anakuta waliolala chini ni mke wake Lysandra na binti yake Calliope. Ares ndiye aliyewaweka pale makusudi, ili jamaa abaki bila kitu cha kumrudisha nyumbani. Yule bibi anamlaani: majivu ya mkewe na mwanawe yashikane na ngozi yake asiyaoshe milele. Weupe ule sio rangi yake. Amewavaa.

Waliosoma mambo ya Wagiriki watasema hii wameinyofoa kwa Heracles, na ni kweli. Heracles naye ni mtoto wa Zeus kwa mwanamke wa kawaida, naye alirushwa akili na Hera akaua watoto wake, ndipo akapewa zile kazi kumi na mbili. Hata jina Kratos si la kubuni, kwa Kigiriki maana yake ni nguvu, mamlaka. Ndugu zangu wa Sayansi ya Siasa, kila mnapoandika "demokrasia" kwenye insha zenu huyu jamaa yumo mle ndani, nusu ya neno ni yake.

Nimesema nusu. Hapo ndipo ubishi wetu ulipo.

Jamaa yangu mwenye PS4 (tumwite Mkuu wa Kaya, maana umeme anaununua yeye) anasema Kratos ni shujaa kwa sababu ni nusu mungu. Ana nguvu za ajabu, hafi kirahisi, akifa anapanda kutoka kuzimu kwa mikono yake, sasa mnataka nini tena. Mimi nasema ile nusu ndiyo iliyomtia matatizoni toka yuko tumboni. Kwenye gemu la kwanza mchezaji haambiwi waziwazi baba yake ni nani. Inakuja kutajwa kwenye la pili, la 2007, na anayeitaja ni Athena akiwa anakata roho: wewe ni mtoto wa Zeus. Wakati huo Zeus ameshamuua mara moja. Alimdanganya amimine uungu wake wote kwenye upanga, halafu akamchoma nao huohuo. Sababu? Hofu. Zeus alimpindua baba yake Cronos, Cronos naye alimpindua wa kwake, kwa hiyo Zeus anajua siku ya mtoto inakuja. Badala ya kumwambia mtoto wewe ni wangu, alinyamaza, akaanza kumwogopa.

Na mama yake je? Kuna gemu dogo la PSP lililotoka 2010, Ghost of Sparta, wengi wamelipita. Mle Kratos anamkuta mama yake, Callisto, mgonjwa, mzee. Mama anataka kumtajia jina la baba yake. Anapoanza tu kusema anageuka dude, na mtoto analazimika kumuua. Yaani wamehakikisha kwamba anayejua akisema, afe. Mimi ile sehemu ilinikaa kuliko Hydra na wenzake wote.

La tatu sitalisema sana. Lilitoka 2010 pia, kwa macho lilikuwa zuri kupita yote ya wakati ule, lakini mle jamaa amevuka mpaka. Anaua Poseidon, bahari inafunika nchi. Anaua Helios, jua linazimika. Kuna mwanamke mmoja amefungwa mnyororo, anaomba aachwe, na gemu linakulazimisha umburute ukamtumie kama kigingi cha kushikilia geti ili wewe upite. Nililiweka pedi chini pale. Mkuu wa Kaya alicheka, akaniambia ni kompyuta tu ile, hana mama. Sawa.

Twende kwenye lile la 2018, ndilo lililonifanya niandike. Cory Barlog, aliyeongoza lile la pili, alirudi kuliongoza hili, na katikati hapo alikuwa amepata mtoto wa kiume. Inaonekana. Kratos amehamia kaskazini kwenye theluji, kwa miungu ya watu wengine, amezeeka, ana mtoto anaitwa Atreus. Mke wa pili amefariki, ameacha wosia majivu yake yakamwagwe kwenye kilele kirefu kuliko vyote. Gemu zima ni baba na mwana wamebeba majivu ya mama wanatembea. Na baba hamwiti mtoto kwa jina lake, ni "kijana" tu. Kijana njoo. Kijana nyamaza. Chumba kizima tulicheka maana hakuna asiyemjua mzee wa namna hiyo. Wa kwangu mpaka leo akipiga simu hasemi jina langu, anasema "ee kijana, upo?"

Atreus ni mgonjwa mgonjwa. Anakohoa, anaishiwa nguvu, akikasirika ndio inazidi. Baba anajua kwamba mtoto ana damu ya uungu, maana ni yake, lakini hajamwambia. Anaona akimwambia atamrithisha na yale mengine yote. Mtoto anajiona mtu wa kawaida tu mwenye mwili dhaifu. Mpaka siku anaanguka kabisa, na Freya, yule mama mchawi wa msituni, anamwambia Kratos kwamba kinachomuumiza huyu mtoto ni kutokujijua: damu inasema hivi, akili inaamini vile, vinapigana mle ndani. Na dawa yake iko Helheim, kuzimu ya baridi, ambako shoka lake la barafu halifanyi kazi. Unatakiwa moto.

Basi Kratos anapanda mtumbwi peke yake kurudi nyumbani. Anafunua mbao za sakafu. Chini kuna furushi, na ndani ya furushi ni vile visu vya Ares, vilevile alivyowaulia Lysandra na Calliope. Amevifukia miaka yote hiyo chini ya nyumba anamolala mtoto. Mkono anaufungua vitambaa, makovu ya minyororo yapo. Kivuli cha Athena kinamtokea kumkumbusha kwamba hajabadilika, bado ni zimwi lilelile, naye hakatai. Anakubali kwamba ni zimwi, ila sio zimwi lao tena. Anavaa visu anaenda.

Chumba kilikuwa kimya, wadau. Wanne, mmoja akiwa na sahani ya wali mkononi, hakuna aliyesema kitu.

Sasa lile jambo ambalo si la gemu.

Mimi nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Alifariki nikiwa kidato cha pili, yeye akiwa na miaka tisa. Nyumbani ilikuwa inaitwa "ile homa yake". Mikono na miguu inavimba, analia usiku kucha mifupa inauma, macho yanakuwa ya njano, anapelekwa hospitali anaongezewa damu, anarudi anacheza rede kama hakuna kilichotokea, miezi miwili mbele tena. Majirani walisema mengi mnayoyajua, kuna waliosema karogwa na kuna waliomtaja shangazi. Baba hakusema lolote, si kwao wala kwetu. Tulipomzika alichukua jembe akaenda shamba kesho yake asubuhi, na jina la ugonjwa halikutajwa nyumbani kwetu, wala jina la mtoto halikutajwa sana.

Semista iliyopita walikuja watu wa kupima selimundu hapa chuoni, sikoseli kama tunavyoiita mtaani. Waliweka meza na turubai karibu na kafeteria. Nilienda kwa sababu mchumba wangu anasoma mambo ya afya na alinipigia kelele wiki nzima. Tone la damu kidoleni, baadaye kipimo kingine cha kuthibitisha. Majibu yangu: mimi si mgonjwa, ila nimebeba. Nimepata kinasaba kimoja kutoka kwa mzazi mmoja. Dada aliyekuwa anatoa ushauri akanichorea kwenye karatasi: ukipata kimoja wewe ni mbebaji, ukipata kwa baba na kwa mama ndio unaumwa. Baba na mama wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne mtoto awe mgonjwa, mbili kati ya nne awe mbebaji. Nikauliza, homa yenye kuvimba vidole na macho ya njano? Akaacha kuchora.

Alinieleza pia kitu ambacho hadi leo nakiwaza. Huyu mwenye kimoja, yaani mimi, malaria kali inamshindwa kwa kiasi kikubwa kuliko mtu asiyenacho kabisa. Daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, aliandika habari hiyo 1954 baada ya kupima watu Uganda na Kenya. Ndio maana kinasaba hiki kimejaa kwetu kanda ya ziwa, kwenye mbu. Na ndio maana Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani. Nusu ni ngao, nzima ni msiba. Mimi na marehemu mdogo wangu tumetoka tumbo moja, mimi nimepata nusu, yeye alipata nzima.

Kwa hiyo Mkuu wa Kaya anaposema ile nusu ndiyo ushujaa, mwanangu, mimi nakaa kimya, maana sijui nimjibu kutoka wapi. Ile nusu huenda ndiyo iliyonivusha utotoni nikiwa naumwa malaria kila masika. Na huyo Atreus, akishapona na akishaambiwa, swali lake moja la mwanzo ni kama anaweza kujigeuza mnyama. Mtoto! Halafu kiburi kinampanda kichwani, anaanza kudharau watu, anaua mtu aliyekwisha kushindwa. Waandishi wa gemu hawakufanya kwamba ukisema ukweli basi mambo yamenyooka. Nimewapenda kwa hilo. Kuna wanaosema ile sehemu ya kiburi imekaa haraka haraka, kaenda na kurudi ndani ya saa mbili, nakubaliana nao, ingepewa nafasi zaidi. Lakini ipo.

Nilikaa na ile karatasi ya michoro mwezi mzima kwenye kitabu cha takwimu. Usiku ule wa visu chini ya sakafu, wenzangu walipolala, nikatoka koridoni nikampigia Mzee. Saa tano kasoro, na yeye saa mbili huwa amelala. Akapokea.

"Ee kijana. Kuna nini?"

Nikamwambia nimepima. Nikataja ugonjwa kwa jina lake. Nikataja na jina la mdogo wangu.

Kimya. Nikadhani salio limeisha, nikaangalia simu, sekunde zinahesabu. Kuku mmoja aliwika huko kwao, wa ajabu, saa ile. Halafu akasema walijua. Walipimwa wote wawili yeye na mama, kwenye hospitali walikompeleka binti akiwa na mwaka mmoja na nusu. Waliambiwa. Nilitegemea aniambie walinificha kwa sababu nilikuwa mdogo, au kwa sababu watu wangesema ukoo una ugonjwa, asije akapatikana wa kunioa dada zangu. Hakusema hivyo. Alisema, "Tulikuwa tumeshawazaa wote. Ningekwambia ili ufanye nini?"

Sikuwa na jibu, na sasa hivi pia sina lililonyooka. Nilisema tu kwamba nina mtu, Baba. Nataka kumleta nyumbani mwezi wa kumi na mbili.

Akauliza, "Amepima?"

Hilo ndilo lililonikalisha chini pale koridoni. Mzee wa shamba, darasa la saba, hakuuliza kabila, hakuuliza dini, hakuuliza ni binti wa nani. Aliuliza hilo kwanza. Halafu akaniita jina langu, akaniambia nikalale, kesho kuna shule.

Bibie alishawahi kupima watu mia na zaidi pale mezani na yeye mwenyewe hajawahi kupima, eti kwao hakuna. Juzi nimemwambia yote, na habari ya mdogo wangu, na kuhusu huyu Kratos pia, akacheka kwamba nimeelewa somo lake kwa kupitia katuni. Alipocheka akanyamaza. Damu ametoa Ijumaa, majibu ni Jumatano.

Kuhusu Ragnarök, lile la 2022, ndio tumeanza jana. Atreus amekua, sauti imekuwa nzito, na baba yake ameanza kumwita kwa jina. Msinimalizie huko kwenye komenti, tafadhalini.